Kufuga nyuki nyumbani kwa mzinga wa viunzi vya juu: mwongozo kamili

Nyuki wa Afrika Mashariki ni wahamaji. Wakikosa maji wanaondoka, wakivamiwa na siafu wanaondoka, wakirinwa vibaya wanaondoka. Pengine maua yakiisha tu, kundi zima huinuka na malkia wake na kuacha masega matupu. Kwa hiyo karibu kila hatua iliyoelezwa hapa, kuanzia kipimo cha ubao hadi saa ya kufungua mzinga, ina lengo moja: kuwapa nyuki sababu ya kubaki.

Ufugaji tunaouzungumzia ni ule wa asili. Nyuki wanajenga masega yao wenyewe bila karatasi za nta za dukani, hawalishwi sukari, hawapewi dawa, na mfugaji anachukua ziada tu. Mzinga unaofaa zaidi kwa kazi hii ni ule wa viunzi vya juu, yaani vipande vya mbao vinavyopangwa juu ya mzinga ili nyuki watundike masega yao, na wenye kuta za mteremko. Ulienea kutoka Kenya miaka ya 1970, ulipofanyiwa kazi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph cha Kanada. Tanzania hutumika pia ule wenye kuta zilizosimama wima. Faida yake juu ya mzinga wa gogo au wa gome ni kwamba unaweza kuinua sega moja, kulitazama na kulirudisha bila kubomoa mengine. Faida yake juu ya mzinga wa masanduku ya fremu ni bei: fundi wa kawaida wa mtaani anaweza kuutengeneza, na hauhitaji mashine ya kukamulia.

Mahali kwanza, mzinga baadaye

Wengi huanza kwa kununua mzinga, kisha wanatafuta pa kuuweka. Anza na swali gumu: je, nyumbani kwako panafaa kweli? Nyuki wetu wanatetea mzinga wao kwa ukali. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 katikati ya mtaa wenye watoto, mbuzi waliofungwa na jirani mwenye mashine ya kusaga hakifai, hata uwe mtaalamu kiasi gani. Mtetemo wa mashine na jenereta huwachokoza nyuki, na mnyama aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia. Mbuzi, ng'ombe, mbwa wa mnyororo na kuku wa bandani ndio hufa kwanza.

Kama una shamba nyuma ya nyumba, tafuta kona iliyo angalau mita 100 kutoka kwenye milango na njia za watu. Kwa shule, barabara kubwa, kisima cha kijiji au soko, weka mita 300 au zaidi. Zungusha manzuki, yaani mahali mizinga ilipo, kwa ua wa miti au vichaka wenye kimo cha mita 2 au zaidi, ili nyuki wakitoka wapande juu ya vichwa vya watu badala ya kuruka usawa wa uso. Zungumza na majirani kabla, na uweke kibao cha tahadhari. Tanzania ina Sheria ya Ufugaji Nyuki Na. 15 ya mwaka 2002, na afisa nyuki wa halmashauri ndiye wa kumuuliza kuhusu kujiandikisha na masharti ya eneo lako.

Asiye na nafasi hiyo asijilazimishe. Afuge nyuki wadogo wasiouma. Sanduku dogo lenye tundu la kidole, likitundikwa barazani, linawatosha. Asali yao ni kidogo, nyepesi na yenye uchachu kiasi, lakini huuzwa kwa bei nzuri na haimpeleki mtu hospitali.

Mahali pazuri pana kivuli cha mchana, hasa kati ya saa 5 na saa 9. Jua la asubuhi halina ubaya. Mzinga uliokaa juani siku nzima huwalazimisha vibarua (nyuki wafanyakazi) kubeba maji ya kupoza badala ya kuleta nekta, yaani maji matamu ya maua, na sega jipya hulainika na kuanguka. Pasiwe bondeni penye unyevu wala kilimani penye upepo mkali. Maji yawepo karibu mwaka mzima. Kama hakuna mto wala bwawa, weka beseni pana lenye mawe au vijiti vinavyojitokeza juu ya maji ili nyuki watue bila kuzama, na ulijaze kila siku bila kukosa. Likikauka siku tatu wakati wa kiangazi, nyuki watazoea bomba la jirani, na ugomvi utaanzia hapo.

Halafu maua. Angalia kilichopo hadi umbali wa kilomita 2 hivi, si uani mwako tu. Pwani kuna minazi, mikorosho, miembe na mikoko. Singida na Dodoma kuna migunga na alizeti. Tabora na Katavi kuna miombo. Kwenye mashamba ya kahawa, parachichi na maboga nyuki hupata chakula na mkulima hupata matunda. Lakini uliza ni lini watu hupuliza dawa ya wadudu. Dawa inayopulizwa asubuhi wakati maua yamefunguka inaweza kumaliza vibarua wako kwa siku moja. Ikipulizwa jioni baada ya nyuki kurudi, madhara hupungua sana.

Mbao na vipimo

Mbao za msonobari au mkangazi zenye unene wa sentimita 2.5 zinatosha. Ziwe zimekauka vizuri. Onyo moja: mbao laini nyingi madukani zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa, na huonekana kwa rangi ya kijani au harufu kali. Usizitumie. Nyuki watapita mbele ya mzinga huo mwaka mzima bila kuingia.

Kwa mzinga mmoja kata vipande hivi:

- Kuta ndefu 2: urefu sentimita 95, upana 30.
- Kuta fupi 2: kila moja umbo la trapeza, chini sentimita 20, juu 45, kimo 29.5.
- Sakafu 1: sentimita 95 kwa 25.
- Viunzi 28: urefu sentimita 48, unene 2, upana milimita 32 kamili.
- Kizuizi 1: ubao mwembamba wa umbo la trapeza unaoning'inia kwenye kiunzi kimoja, mdogo kidogo kuliko nafasi ya ndani ili usogee bila kukwama.
- Bati moja la mfuniko lenye fremu ya mbao.

Upana wa kiunzi ndicho kipimo usichoruhusu fundi akibahatishe. Nyuki wa Ulaya hutumia nafasi ya milimita 35 hivi kutoka katikati ya sega moja hadi jingine. Wetu ni wadogo, na 32 ndiyo inayowakaa. Kiunzi kikiwa kipana, wanajenga sega linaloanza kwenye kiunzi kimoja na kuishia kwenye kingine, na mzinga wa viunzi unageuka gogo. Kikiwa chembamba, matokeo ni yale yale. Mpe fundi kigezo cha chuma au mbao ngumu, na upime viunzi vyote kabla ya kulipa.

Kuunganisha

Simamisha kuta fupi mbili kama umbo la kufuata, zikiwa zimeachana sentimita 90 kwa ndani, kisha pigilia kuta ndefu kwenye miteremko yake kwa misumari ya inchi 2½. Kingo za chini za kuta fupi zilingane na kingo za chini za kuta ndefu. Kwa juu, kuta fupi zitachomoza sentimita 2 hivi. Hiyo ndiyo nafasi ya unene wa viunzi, na ndiyo inayozuia safu ya viunzi isiteleze. Kwa kuwa kuta ndefu zimelala, kingo zake za juu zitakuwa na ncha. Zipige randa hadi ziwe bapa, viunzi vikae bila kucheza. Pigilia sakafu mwisho.

Viunzi 28 vya milimita 32 vinachukua sentimita 89.6. Milimita 4 zinazobaki ziache, kwa sababu mbao huvimba masika na viunzi vilivyobana sana havitoki bila kishindo, na kishindo ndicho usichokitaka mbele ya nyuki elfu kadhaa. Mianya mingine yoyote izibe kwa nta au udongo wa mfinyanzi. Mwanga usipenye popote isipokuwa mlangoni.

Mlango uwe kwenye ukuta mfupi mmoja, chini: toboa matundu 8 ya kipenyo cha milimita 10, au kata mwanya wa milimita 8 kwa sentimita 12. Mafundi wengi huuweka katikati ya ukuta mrefu, na mzinga hufanya kazi. Sisi tunapendelea mwisho, kwa sababu nyuki hulea watoto karibu na mlango na kuhifadhi asali mbali nao. Mlango ukiwa mwisho mmoja, majana, yaani watoto wa nyuki, yanakaa upande mmoja na asali upande mwingine, na siku ya kurina unajua pa kuanzia bila kusumbua kitalu.

Ndani usipake rangi wala vanishi. Nje unaweza kupaka rangi nyeupe au kijivu, kisha acha mzinga upate hewa hadi harufu iishe. Bati lisikae moja kwa moja juu ya viunzi. Acha nafasi ya sentimita 5, ijaze nyasi kavu, na bati lichomoze sentimita 10 mbele ya mlango kuzuia mvua.

Mstari wa nta

Kila kiunzi kiwe na mfereji mdogo katikati, upande wa chini, wa kina cha milimita 3, kuanzia sentimita 3 kutoka ncha moja hadi sentimita 3 kutoka nyingine. Yeyusha nta ya nyuki kwenye kikopo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, uimwage kwa kijiko kwenye mfereji huo, ijae na kuvimba kidogo. Huo ndio mstari ambao nyuki wataufuata. Baadhi ya mafundi huchonga ukingo wenye ncha badala ya mfereji na kuupaka nta, nao unafaa. Kiunzi bapa kisicho na alama yoyote ni mwaliko wa masega ya kupindapinda.

Nta iwe safi. Mshumaa wa kawaida wa dukani ni nta ya parafini itokanayo na petroli, haufai.

Kutundika

Pigilia vipande vya mbao chini ya mzinga kama mikanda miwili, au pitisha waya wa mabati wa milimita 3 kwenye pembe nne. Simika nguzo mbili imara, au tumia miti miwili iliyopo, kisha tundika mzinga sakafu yake ikiwa mita moja kutoka ardhini. Kimo hicho kinakuwezesha kufanya kazi umesimama, na mzinga unaoning'inia humpa shida nyegere, ambaye akipata mahali pa kusimama huubomoa kwa usiku mmoja. Penye nyegere wengi inua hadi mita 1.5 na uzungushie nguzo bati laini la urefu wa sentimita 60 ili makucha yake yakose pa kushika.

Tumia pimamaji. Mzinga ulioinama kwa urefu wake ndicho chanzo kikubwa cha masega yaliyovuka viunzi: sega huning'inia wima kwa uzito wake, na kama viunzi vimeinama, ncha ya chini ya sega inafika chini ya kiunzi cha jirani. Baada ya nyaya kunyooka kwa uzito wa asali, pima tena.

Paka grisi kila waya, urefu wa kiganja, na uifunike kwa kopo lililopinduliwa ili vumbi na mvua visiiharibu. Siafu na sisimizi hawavuki grisi mbichi, lakini grisi iliyojaa vumbi wanaipita kama daraja. Kila wiki mbili fyeka majani chini ya mzinga na ukate tawi lolote linaloigusa mizinga. Jani moja la nyasi likiegemea ukuta, grisi yako haina kazi.

Kupata nyuki

Hununui nyuki, unawangoja. Makundi hugawanyika na kuhama hasa maua yanapoanza, mara nyingi baada ya mvua za kwanza. Mzinga uwe tayari mwezi mmoja kabla. Yeyusha nta kidogo uipake ndani na kuzunguka mlango, paka gundi ya nyuki kama unayo, na sugua majani ya mchaichai, ambayo harufu yake inakaribiana na ile nyuki wanayoitumia kuitana. Kila wiki mbili fungua, ondoa buibui, mijusi na sisimizi, kisha paka upya.

Njia ya haraka zaidi ni kisanduku cha kunasia: kisanduku chepesi chenye viunzi 6 hadi 10 vya vipimo vile vile, kikipandishwa mtini mita 3 hadi 5, maana makundi yanayotafuta makao hupendelea juu. Nyuki wakishaingia, subiri wiki 3 ili wajenge na malkia atage. Wakiwa na majana hawaachi kiurahisi. Kisha, jioni giza linapoingia, ziba mlango kwa nyasi, shusha, na hamisha viunzi kimoja kimoja kwenye mzinga mkubwa kwa mpangilio ule ule. Nyuki waliobaki kisandukuni wakung'ute ndani.

Ukikuta kundi limening'inia kwenye tawi, nyunyizia maji kidogo, weka kisanduku chini yake na litikise tawi mara moja kwa nguvu. Malkia akianguka ndani, wengine watamfuata. Funika, acha upenyo hadi magharibi, kisha peleka manzuki.

Anza na mizinga miwili au mitatu. Mmoja haukupi cha kulinganisha, na kundi lililopoteza malkia linaweza kuokolewa kwa sega lenye mayai kutoka mzinga wa pili. Wakati kundi ni changa, weka kizuizi baada ya kiunzi cha 10 au 12. Nafasi kubwa tupu nyuki wachache hawawezi kuilinda na nondo. Kisogeze nyuma kadiri wanavyojenga.

Dalili kwamba wamekubali kukaa ni chavua, yaani unga wa maua. Ukiona vibarua wanaingia na vifurushi vya njano au machungwa miguuni, kuna watoto wa kulishwa ndani. Usifungue mzinga kabla ya wiki 3.

Mavazi na moshi

Ovaroli nyeupe ya kitambaa kizito, au suruali mbili na mashati mawili ya rangi nyepesi, kofia pana yenye wavu mweusi mbele ya uso, usiogusa ngozi, glavu ndefu, buti za mpira, na miguu ya suruali ikiwa ndani ya buti au imefungwa kwa mpira. Rangi nyeusi, sufu na manukato makali huwachokoza. Wawe watu wawili daima: mmoja wa moshi, mmoja wa viunzi.

Bomba la moshi liwashwe kwa magunzi, maranda, majani makavu au samadi kavu ya ng'ombe, na juu yake konzi ya majani mabichi ili moshi uwe mweupe na wa baridi. Ujaribu kwenye kiganja: ukikuunguza, utawaunguza nyuki. Plastiki, matambara yenye mafuta na mpira visiingie kamwe. Hakikisha kuna kuni za dakika 30. Bomba likizimika katikati ya kazi, rudisha viunzi na uondoke.

Kukagua

Fungua kuanzia saa 11 jioni. Joto limepungua, watu wamerudi ndani, na giza linaloingia litawatuliza nyuki baada yako. Mchana wa jua kali hapana, hata kama mzinga unaonekana mtulivu.

Puliza moshi mlangoni mara 4 au 5, subiri dakika 2, kisha nyanyua mfuniko. Anza upande wa nyuma, mbali na mlango. Gonga viunzi taratibu kwa kidole: kisicho na sega hutoa sauti ya wazi. Toa viwili vitatu vitupu upate nafasi, halafu achanisha kinachofuata kwa kisu bapa. Kama sega limeshikamana na ukuta, kata kutoka chini kwenda juu. Ukikata kutoka juu uzito wake utalivunja. Lishike likiwa wima muda wote. Sega la mzinga huu halina waya ndani yake, na likilazwa ubavu huanguka kama lilivyo, na asali, majana na nyuki juu yake.

Tafuta vitu vitatu tu: mayai au mabuu meupe yaliyopangika vizuri, maana yake malkia yupo; asali ya kutosha; na dalili za wadudu. Malkia mwenyewe si lazima umwone. Ukiona vikombe virefu vyenye umbo la karanga vikining'inia kwenye ncha za sega, kundi linajiandaa kugawanyika. Weka kisanduku cha kunasia karibu. Rudisha viunzi kwa mpangilio ule ule na mwelekeo ule ule. Dakika 15 zinatosha, na mara moja kwa mwezi inatosha. Kukagua kila wiki kwa udadisi ni njia nzuri ya kuwafukuza.

Nyuki akikudunga, kwangua mwiba mara moja kwa kucha na upulize moshi mahali hapo: mwiba uliobaki unaendelea kusukuma sumu, na harufu yake, inayokaribiana na ndizi mbivu, inawaita wengine. Wakiwa wengi usipigepige mikono. Ondoka ukipita vichakani, ingia ndani ya nyumba na ufunge mlango. Usijitose majini, watakungoja juu. Mtu akivimba uso, akipata upele mwili mzima, akihema kwa shida au kuzirai, ni hospitali wakati huo huo bila kungoja. Vivyo hivyo kwa aliyedungwa mara nyingi, hasa mtoto au mzee.

Mambo yanayoharibika na sababu zake

Mzinga uliokaa miezi sita bila nyuki huwa na moja ya haya: harufu ya dawa au rangi, jua, sisimizi ndani, au ulitundikwa baada ya msimu wa kuhama kupita. Uhamishie kwenye kivuli kizito zaidi kabla ya kukata tamaa.

Nondo wa nta hutaga kwenye masega ambayo nyuki hawayafikii. Utaona utando na vinyesi vyeusi kama pilipili manga. Kundi lenye nguvu huwatoa lenyewe. Kundi dhaifu lisaidie kwa kuondoa masega yaliyoachwa na kusogeza kizuizi karibu. Masega meusi ya zamani, yaliyolea watoto vizazi vingi, yatoe machache kila mwaka.

Mende wadogo weusi wa mizinga ni wenyeji wa Afrika, na nyuki wetu wanajua kuwafungia pembeni. Hatari huja wewe unapovunja sega: mabuu ya mende hulowesha asali ikawa na ute unaonuka, na kundi huondoka. Safisha kila kilichomwagika. Utitiri wa varoa nao upo Kenya na Tanzania, lakini makundi yetu huishi nao bila dawa. Usiingize dawa za kigeni mzingani. Zitabaki kwenye nta na asali.

Siafu ni jambo jingine. Wakishaingia usiku, asubuhi kuna maiti na masega matupu. Hakuna tiba, kuna grisi na kufyeka tu. Ukiona msafara wao umekaribia manzuki, mwaga majivu mengi ya moto njiani mwao, mbali na nguzo, ukeshe nao.

Kuhama kwa njaa ndiko kunakozuilika kuliko kote, na chanzo chake kwa kawaida ni mfugaji aliyerina kila kitu.

Kurina

Kundi lililoingia msimu huu kwa kawaida liachie asali yake yote. Likiimarika, mara nyingi kati ya miezi 6 na 12, angalia masega ya nyuma. Sega lililoiva limefunikwa kwa nta nyeupe angalau robo tatu. Asali isiyofunikwa bado ina maji mengi. Maji yakizidi asilimia 20 itachacha ndani ya chupa. Kwenye miombo ya Tabora msimu mkubwa huangukia takriban Mei hadi Julai, na mdogo mwishoni mwa mwaka. Kwako maua ndiyo kalenda: rina mwishoni mwa uchanuaji, siku kavu.

Andaa ndoo mbili nyeupe za chakula zenye mifuniko inayobana, brashi laini au manyoya ya kuku, na kisu. Tumia moshi kidogo, kwa sababu asali inaushika na ladha haitoki. Anza nyuma. Fagia nyuki warudi mzingani, kisha kata sega ukiacha sentimita 1 hadi 2 chini ya kiunzi; hapo ndipo wataanza kujenga tena. Dondosha ndooni na ufunike papo hapo. Endelea mbele hadi utakapokutana na sega la kwanza lenye majana au chavua nyingi, na hapo simama. Sega mchanganyiko, asali juu na majana chini, ni la nyuki.

Acha masega 5 hadi 8 ya asali kwenda kiangazi, zaidi kama kwenu kiangazi ni kirefu. Sega moja lililojaa hutoa takriban kilo 1 hadi 2, kwa hiyo kundi zuri linalokupa kilo 8 hadi 15 kwa mwaka limekulipa vizuri.

Asali na nta

Chuja siku hiyo hiyo, ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Tenga masega meupe safi na yale ya kahawia. Yaponde kwa mwiko, mimina kwenye kitambaa safi cha nailoni kilichofungwa juu ya ndoo, uache idondoke saa 24 hadi 48. Chumba chenye joto kinatosha. Moto hauhitajiki, na asali iliyopikwa inapoteza harufu na kuwa nyeusi. Iache itulie siku 2 au 3, engua povu na vipande vya nta, kisha jaza kwenye chupa za kioo zilizokauka kabisa. Tone la maji chini ya chupa linatosha kuanzisha uchachu. Ikiganda baadaye haijaharibika. Weka chupa kwenye maji ya vuguvugu.

Makapi yaloweke kwenye maji safi, na maji hayo matamu yatumie kwa chai au juisi. Usiyamwage karibu na manzuki, utaanzisha wizi kati ya mizinga. Kisha pasha moto makapi polepole kwenye maji mengi ndani ya sufuria ya alumini au ya enameli. Chuma na shaba huharibu rangi ya nta. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo maji yasitokote, na usiiyeyushe kavu juu ya moto, maana inawaka kama petroli. Kamua kwa kipande cha gunia juu ya ndoo yenye maji kidogo, acha ipoe usiku kucha. Asubuhi utatoa kigae cha njano. Kwangua uchafu wa upande wa chini. Kipande kimoja kiweke kwa ajili ya viunzi vya mzinga ujao, kikiwa kimefungwa kwenye karatasi mahali pakavu ambapo nondo hawafiki.